Kuhusu madaftari ya babu yako

Rafiki yangu,

Habari za siku nyingi, na wote hapo nyumbani hamjambo? Meseji yako nimeirudia kuisoma sana, ile ya kwamba mmefungua sanduku la babu mkakuta madaftari yake na bahasha imejaa vyeti, na sikutaka kukujibu kwa maneno mawili matatu ya juu juu kwenye simu, unajua hili jambo lilivyo kwangu, ndo maana nakuandikia kirefu.

Kwanza kabisa, hayo madaftari yaweke pembeni uende kwa shangazi yako. Najua yanakuvuta, hata mimi yangenivuta, lakini karatasi iliyokaa miaka yote hiyo itakaa na mwezi ujao, na shangazi ndo kabaki peke yake anayejua zile herufi mbili mbili babu alizokuwa anaandika badala ya majina ni za nani. Mimi mama mkubwa nilimuwahi kabla hajaanza kusahau na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Ukikaa naye usimuulize mwaka, mzee ukimuuliza mwaka anajiona yuko kwenye mtihani, atakutajia wowote ili yaishe. Muulize ilikuwa kabla ya kuhama au baada, nani alikuwa keshazaliwa, nani alikuwa bado anabebwa mgongoni, hapo ndo anaanza kupanga mwenyewe na wewe miaka utaihesabu baadaye. Nenda na picha za zamani, muombe ruhusa urekodi, na akinyamaza usikimbilie kumjazia maneno, mengi mazuri niliyonayo yalikuja baada ya kimya kirefu.

Halafu ngoja nikuonyeshe kwanini nasema uanze na mtu. Kwenye diari ya babu yangu, siku aliyozaliwa mama, imeandikwa hivi tu: "Mvua tangu asubuhi. Mtoto wa kike. Nimeazima taa." Basi. Chini yake mstari, halafu kesho yake anaendelea na hesabu za mbao. Niliposoma niliumia kidogo, nikawa najiuliza huyu baba alifurahi au hakufurahi, mbona taa imepata maneno sawa na mtoto. Mama mkubwa ndo akanieleza, ile taa babu aliifuata usiku kwenye mvua kubwa kwa jirani ambaye walikuwa hawasemeshani muda mrefu, manake ya nyumbani iliishiwa mafuta na mkunga alikuwa haoni, na kuanzia usiku ule wale watu wawili wakapatana. Yaani kwake yeye kuandika "nimeazima taa" ilikuwa ni kuandika kila kitu, na bila mama mkubwa ningebaki na mvua na taa tu mpaka nazeeka.

Sasa njoo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama, tarehe iliyopo ni ya karibu mwezi mzima baada ya ile ya kwenye diari. Ukiangalia vizuri, cheti kina sehemu ya tarehe ya kuzaliwa na sehemu ya tarehe ya kuandikishwa, na za mama zimeandikwa karibu sawa, inaelekea aliyekwenda kuandikisha alikadiria tu siku. Hilo liangalie sana kwenye hiyo bahasha yako. Kila karatasi jiulize nani aliitoa hiyo habari, aliitoa lini, na alikuwa anaihitaji kwa kazi gani, manake mtu anayetafuta shule anapunguza umri na anayetafuta kazi anauongeza, na wengi waliokuwa hawajui siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Umri unaoishia na sifuri au tano nao uutilie shaka, watu walikuwa wanakadiria. Na majina ndo usiseme, karani aliandika alivyosikia, kwahiyo ukikuta jina la ukoo limeandikwa kwa namna tatu usidhani ni koo tatu.

Ila na kumbukumbu nazo usizimeze nzima nzima. Kuna msomi wa Cambridge, Frederic Bartlett, mwaka 1932 alichapisha majaribio yake, aliwapa watu hadithi ngeni kwao kabisa wakaisoma halafu wakaisimulia upya kila baada ya muda, na yale wasiyoyazoea yakawa yanadondoka au yanageuzwa yafanane na ya kwao, hata mtumbwi ukawa boti. Na hao hawakuwa waongo, ndivyo akili inavyokumbuka. Kwahiyo shangazi akikwambia kitu kinachopingana na daftari usimkatalie mbele ya watu na wala usilifute daftari. Andika vyote: daftari linasema hivi, cheti kinasema hivi, shangazi kasema hivi, tarehe fulani, tulikuwa na fulani. Tafadhali sana usitengeneze habari moja iliyonyooka ukatupa zingine, mimi naona huko ndo ukoo unapoteza vitu vyake, mjukuu atakayekuja atapokea uamuzi wako tu na ushahidi hauna tena.

Kuhusu kuyatunza, osha mikono uikaushe, hakuna haja ya glavu za kitambaa kwa karatasi, zinakufanya usihisi ukurasa na unaweza kuuchana. Paliporaruka usibandike selotepu, gundi yake inageuka njano na kuingia kwenye karatasi, na usikubali mtu akulaminetie cheti chochote. Ukitaka kuandika namba za kurasa tumia penseli. Piga picha kila ukurasa karibu na dirisha bila flashi, jalada, kurasa tupu, na zile za nyuma zenye madeni na hesabu, hizo hasa, manake hesabu zinakwambia nani alikuwa anaaminiana na nani. Nakala wape ndugu wawili watatu wanaokaa mbali mbali. Mwaka 1922 ofisi ya kumbukumbu za taifa pale Dublin iliungua kwenye vita na nyaraka za karne nyingi zikateketea, na wanaotafuta mababu zao Ireland mpaka leo wanaokolewa na nakala na rejesta ambazo bahati nzuri zilikuwa zimebaki makanisani.

Na ule ukurasa uliosema umekatwa na wembe. Huo usiuulize kwenye kikao cha familia. Muulize shangazi mkiwa wawili, na akisema hataki kuliongelea mwache, andika tu kwamba ukurasa haupo na umekatwa kati ya tarehe fulani na fulani. Kama kuna mtu bado hai linamgusa, hiyo habari ni yake kabla haijawa yako.

Mimi nakuomba kitu kimoja, ukishapiga picha nitumie kurasa zenye mwandiko uliokushinda, nimeshazoea kusoma miandiko ya zamani na nitafurahi sana. Na shangazi nenda wiki hii hii, nisalimie sana, mwambie shikamoo.

Wako,
rafiki yako wa siku zote