Ugoro: tazama pale unapoubana

Ndugu Mhariri,

Watumiaji wa ugoro, kuberi na tumbaku ya kutafuna hujipa moyo kwamba hawavuti moshi. Ni kweli, moshi haupo. Lipo donge la tumbaku lililobanwa kati ya mdomo na fizi, nusu saa hata zaidi, palepale, kila siku. Naomba nafasi nieleze yanayotokea hapo.

Tumbaku hii mara nyingi huchanganywa na chokaa, magadi au majivu. Ukali wa vitu hivyo ndio unaoifanya nikotini ipenye haraka kwenye ngozi laini ya mdomo, na ndio huohuo unaoichubua. Ngozi ikichubuliwa kila siku hujikinga kwa kuwa nene, ukatokea utando mweupe wenye mikunjo. Jirani yake fizi hunywea na mzizi wa jino hubaki wazi. Maji ya baridi yakipita, jino linashtuka. Mzizi hauna lile gamba gumu la juu ya jino, hivyo hutoboka upesi, hasa tumbaku ikiwa imetiwa sukari. Wako pia wanaotia ugoro kwenye jino bovu ili kutuliza maumivu. Jino likitulia hawaendi kutibiwa, na tundu linazidi kuchimbika.

Utando huo hauumi, na hapo ndipo wengi wanapochelewa. Ukiufuta kwa kitambaa haubanduki. Baka jekundu, laini kama mahameli, ni la kuogopwa zaidi kuliko jeupe. Majani ya tumbaku yanapokaushwa na kuvundikwa hutengeneza sumu ziitwazo nitrosamini, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka tumbaku isiyo na moshi katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Saratani hiyo hushambulia mdomo, umio na kongosho.

Mara moja kwa mwezi nawa mikono, vua meno ya bandia kama unayo, simama mbele ya kioo penye mwanga. Kunja mdomo wa chini nje, kisha wa juu. Vuta mashavu. Toa ulimi, ushike kwa kitambaa, utazame ubavu wake huku na huku. Uinue uone chini, ambako wengi husahau. Papasa shingo kutafuta uvimbe. Kidonda, baka au uvimbe uliopita wiki 2 upelekwe kwa daktari wa meno, naye akiona haja atakata kipande kidogo kikapimwe. Kuhamishia donge upande wa pili hakusaidii. Ni kuanzisha baka jingine.

Ukiacha kabisa, utando mweupe mara nyingi hupungua au kwisha ndani ya wiki chache. Fizi iliyonywea hairudi yenyewe. Kiu ya tumbaku huwa kali zaidi siku 3 za mwanzo. Anayetumia chingamu ya nikotini kutuliza kiu hiyo asiitafune kama peremende: atafune polepole mpaka asikie ukali, aibane shavuni, ukali ukiisha atafune tena, kwa muda wa nusu saa. Asinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla, kwani uchachu wake huizuia nikotini kupenya. Na kila anapoibana abadilishe mahali, asiirudishe pale alipozoea kuweka ugoro.

Tabibu wa kinywa na meno