Tumvushe Somo

Assalaam alaykum ndugu zetu wa Wete, wa Unguja, na nyinyi mlioko ng'ambo.

Sisi ni wanawake kumi na wanne tunaoshona kofia za mkono, na tunaandika kwa ajili ya aliyetusomesha sindano. Sote tunamwita Somo. Ametupa ruhusa ya kueleza maradhi yake. Jina amesema libaki nyumbani.

Somo ni mtu mwenye ualbino. Macho yake hayaoni mbali, na hata cha karibu anakitakia mwanga mkubwa. Siku zote alikaa ukingoni mwa baraza, kitambaa kakiinua mpaka karibu kinagusa pua, anatoboa kitobo kimoja kimoja na kukizungushia uzi. Sisi tukihamia kivulini, yeye analifuata jua, maana uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe bila ya jua hauoni. Amefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, na ngozi isiyo na rangi ya kuikinga haistahamili hayo. Kawashonea kofia nusu ya wanaume wa mtaa huu, lakini kofia ya kanzu haina ukingo wa kumfunika mtu uso, na pama hakuwa nalo.

Kidonda kilianza kwenye panja la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Kikafanya gamba, likabanduka, likarudi. Kituo kimoja walimpa malhamu, akapaka miezi. Mtu mwengine akamletea majani. Na sisi tuliokaa naye kila siku tulikuwa tukikiona, tunamwambia "pole Somo", tunaendelea na mazungumzo. Kwamba kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kinatakiwa kikatwe kinyama kikapimwe, hasa kwa mtu wa ngozi ile, tumekuja kulijua baadaye. Uvimbe ulipotokeza chini ya sikio ndipo akavushwa kwenda Unguja. Majibu: saratani ya ngozi, na imeshafika kwenye tezi za shingo.

Sasa yuko chini ya madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe ni mkubwa, kwa sasa hauwezi kukatwa. Atatundikiwa dripu za dawa ya saratani, dozi sita, kila moja baada ya wiki tatu, ili upungue, kisha waangalie mionzi. Dawa yenyewe inaitwa sisplatini. Ni kali kwa figo, kwa hiyo siku ya dozi anapewa maji mengi kwa mshipa, na kabla yake damu inapimwa. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka sana, dozi inasogezwa mbele na yeye anasubiri huko huko, kwa gharama hizo hizo. Hatutaki kumdanganya mtu: daktari hakuahidi kuyaondoa maradhi yote. Amesema dawa inaweza kupunguza uvimbe na maumivu na kumwongezea muda.

Alimwambia pia kwamba dawa hii huweza kutia ganzi vidoleni. Somo hakuuliza habari ya nywele wala kutapika. Aliuliza, "Sindano nitaihisi?" Daktari akamjibu kweli, kwamba huenda asiihisi vizuri. Akanyamaza kidogo, akasema haya, nitundikieni.

Dozi ya kwanza ameshaipata. Tuliilipia kwa fedha za upatu wetu, zamu tatu tukazisamehe.

Mahesabu yetu ni shilingi 5,400,000 kwa dozi zote sita, yaani dawa na vipimo, chumba na chakula, na safari za watu wawili, yeye na binti wa dada yake. Kutoka bandari ya Mkoani, hapa Pemba, wanapanda boti mpaka Unguja, kisha boti nyengine mpaka Dar es Salaam, na kurudi vivyo hivyo. Bahari inakula fedha kuliko watu wanavyodhani. Tumeshapata 1,150,000. Zimebaki 4,250,000.

Mchango upelekwe kwa mshika fedha wetu msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, na kila kiasi kinaandikwa mbele ya aliyetoa. Wa mbali aulize namba ya simu kwa sheha. Hapa hatuiandiki, matapeli ni wengi. Walio kwenye karafuu, pishi moja ya mbichi tunaipokea, tutaianika wenyewe. Hata makonyo leteni, yanauzika.

Na jambo jengine, kwa kuwa tumelisikia. Saratani haiambukizi. Kikombe chake ni kikombe tu. Asiyekuwa na fedha na aende akakae naye jioni, anapenda soga.

Kikizidi kitu, tutawanunulia mafuta ya kukinga jua na mapama watoto wawili wenye ualbino wa skuli yetu. Wakubwa wa skuli tumeshawaomba wawakalishe mbele, mbali na dirisha la jua, ili ubao wauone.

Kofia ya mwisho ya Somo imebaki ua moja halijaisha. Tulitaka kulimalizia tuinadi, akakataa, eti tutamharibia. Kaitia mkobani. Dozi ya pili ni Jumatatu ya wiki ijayo, na boti ya Mkoani anatakiwa aipande Jumamosi, kwa hiyo nauli tunaihitaji Ijumaa hii.