Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Mikindani: ondoa mifuko ya saruji barazani

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipata kwenye meseji, marahaba. Nikakupigia. Ukapokea, ukasema, "Dada, subiri kidogo," nikasikia nyundo, nikasikia mtu anauliza zile mbao ni mbili kwa nne au mbili kwa mbili, kisha vocha yangu ikaisha. Ni mara ya nne tangu Idi. Basi nimeona nikuandikie, na nikuandikie hadharani, kwa sababu hauko peke yako katika hili. Hapa Mtwara, kuanzia Shangani mpaka Magomeni, kila mtaa una mtu anayelala katikati ya kokoto na kusema "tukimaliza tutapumzika".

Kwanza nikiri. Nyumba ya bibi ni yetu sote, na wewe ndiye uliyeinua mkono siku ya kikao kwamba utaikarabati, wakati sisi wengine, mimi nikiwa mbele, tulitaka gofu liuzwe tugawane. Leo paa halivuji. Mlango wa bibi umerudi mahali pake. Hayo nayaona, na kila nikipita na hiace kwenda Lindi nageuza shingo mpaka tuipite.

Lakini juzi nilishuka. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda mjini kufuata bawaba. Wifi alinikaribisha, akatafuta pa kunikalisha, akakosa. Barazani kuna mifuko ya saruji imepangwa mpaka usawa wa dirisha, imefunikwa turubai, na juu ya turubai paka amezaa. Baraza lile! Bibi alichambulia mchele pale, akasutana na majirani pale, posa yangu ililetwa pale. Mzee wa nyumba ya pili ameniambia siku hizi anapitiliza tu: "Nitakaa wapi, mwanangu, juu ya mifuko?" Tukaishia jikoni, mimi na wifi, kila mmoja juu ya ndoo ya rangi, tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Watoto wako walikuwa wanaandika kazi za shule juu ya mlango uliolazwa kwenye matofali. Yule mdogo anakohoa. Wifi akasema ni vumbi, akalisema kama mtu anayesema leo kuna jua.

Ulituambia miezi 6. Mwezi wa kumi inatimia miaka 3. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyo fundi wako jembe analo, beleshi analo, na nadhani sasa ana hata ufunguo.

Najua kuchelewa kwingine hakukuwa kosa lako. Fundi wa kwanza aliuvisha ukuta wa matumbawe plasta ya saruji. Ikapendeza miezi michache, mvua zikaja, ikavimba kama andazi, ikabanduka. Ukamwambia arudie, ikabanduka tena. Mpaka alipokuja yule mzee wa chokaa akakueleza jambo ambalo waliojenga Mikindani walilijua wote: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini na kuutolea nje. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakosa pa kupitia, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ianguke. Chokaa inauacha ukuta upumue. Ila chokaa haina haraka na mtu. Haikauki kama nguo kwenye kamba. Inavuta hewa ukaa kidogo kidogo mpaka irudie ugumu wa jiwe, na tabaka moja linalisubiri lingine siku nyingi, pengine wiki kadhaa.

Hapo ndipo uliponishangaza. Zile siku za kusubiri ulizipewa bure, na ungezikaa na wanao. Wewe ukazijaza. Chokaa inakauka sebuleni, unabomoa choo. Choo kinangoja vigae, unafumua dari ya chumba cha watoto. Dari inangoja mbao, umeshapanda ngazi ya uani na timazi mkononi. Hata saruji, hiyo tunayoiita ya haraka, inataka kumwagiliwa maji siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kuta zako zimepumzika kuliko wewe. Na matokeo yake niliyaona: vyumba 5 vimefunguliwa, hakuna hata kimoja ambacho mtu anaweza kufunga mlango akalala mchana.

Sasa niseme lile lililonikaa kooni. Likizo ya mwezi wa sita kijana wako alitoka jandoni. Sisi mashangazi tulifika alfajiri na vitenge vyetu vya sare. Kijana amekaa mkekani, amenyolewa, kanzu mpya, macho chini kama alivyofundishwa, watu wanamtuza na vigelegele vinapigwa. Kila baada ya muda jicho lake linapanda mlangoni. Baba yake yuko mjini kwa muuza vifaa, bati za banda la uani zimeshuka bei na gari la kuzileta ni siku hiyo hiyo. Ulifika saa kumi, vidole vyeupe kwa chokaa. Ukamtuza, tena noti nzuri, sikatai. Halafu ukamgeukia fundi ukamwuliza kama lori limeshashusha. Labda umesahau. Yeye hajasahau. Juzi hapo jikoni nilimwuliza akikua anataka kufanya kazi gani, akanijibu, "Yoyote, shangazi, ila si ujenzi." Nikacheka. Wifi hakucheka.

Wala mimi sina usafi wa kukusema. Unaikumbuka nyumba yangu ya Naliendele, nilivyohamia ikiwa haina hata madirisha, nikasema nitamalizia nikiwa ndani. Nikamleta mama kutoka Newala aje apumzike. Nilimlaza sebuleni, pembeni ya mashine ya kukatia vigae, miezi miwili. Asubuhi moja nikamkuta amefunga mzigo wake. "Nilikuja kuona wanangu," akasema, "nimeona matofali." Akapanda basi akarudi. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililoniuma: aliniaga kama mtu anavyoaga gesti. Vile vigae nilivyovikimbilia viko mpaka leo, vya rangi ya maziwa, kila tope linaonekana, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuvisifia.

Halafu ipo hesabu, maana najua wewe ni mtu wa hesabu. Unasema unakimbizana na msimu. Mimi naona unaukimbilia kinyumenyume. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Fedha zikishaingia benki, Mtwara nzima inamiminika madukani kwa wiki hizo hizo. Fundi anagombewa kama bwana harusi, mbao zinapanda bei, na ukija kushtuka ni Desemba, mvua hiyo, paa liko wazi. Kipindi kikavu cha kufanyia kazi ni hiki cha kusi, Mei mpaka Septemba. Nacho ndicho kipindi ambacho mikorosho inadai palizi na dawa ya salfa. Mwaka huu ulipuliza salfa mara ngapi? Wifi anasema mara moja. Moja! Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hauji kuuliza kama mwenye shamba ana fundi nyumbani. Unaingia kwenye maua, na ua lililoungua halizai korosho. Shamba la Nanguruwe ndilo linalolipia saruji, vigae, bawaba na posho ya fundi. Umeacha mbuzi anapotea, uko bize unajenga banda.

Kwa hiyo ule msimu ukiwa mwembamba, utasema kazi imechelewa kwa kukosa fedha, na utaongeza saa za kazi ili kufidia. Nakujua.

Sikwambii usimamishe. Gofu likiachwa huko Mikindani halina huruma, na mifano unaiona kila ukitoka nje; hata Boma la Wajerumani la mwaka 1895 pale juu lilikuwa linakwisha kabla halijakarabatiwa. Ninachokuomba ni ubadilishe pa kuanzia. Wewe umeweka baraza mwisho kabisa kwenye daftari lako, nililiona, limeandikwa chini ya "rangi ya geti" na umepigia mstari kwamba ni kazi ndogo. Lianze hilo. Ondoa ile mifuko, ipeleke stoo ya nyuma, iinue juu ya mbao. Na uikague, maana ile ya chini kabisa niliibonyeza kwa kidole, imeshakuwa jiwe. Hewa ya bahari haikungojei. Kwani nani alikutuma ununue mingi hivyo? Kiwanda cha saruji kiko hapa hapa Mtwara, hakihami. Nunua ya wiki moja. Paka mhamishe kwa adabu, na wanawe wote.

Baraza likishakuwa wazi, lipige chokaa, tandika mkeka, basi. Halihitaji kigae. Wifi apate pa kukaa jioni upepo ukitoka baharini, mzee wa nyumba ya pili apate pa kusemea habari zake za zamani, nawe ukae hapo na mikono isiyo na kitu. Najua itakuwa kazi ngumu kwako kuliko kupaua.

Baada ya hapo, chumba cha watoto. Kimoja, mpaka mwisho: dari, mlango, wavu wa dirishani, taa. Mlango ukishafunga, fundi haingii tena humo hata kwa kuazima msumari. Kule kwingine wakikwangua ukuta, maji yamwagwe kwanza na turubai lining'inizwe kwenye kizingiti, kifua cha yule mdogo si cha kujaribia. Vile vyumba vingine vinne vifunge tu na misumari. Vitangoja. Chokaa imekufundisha kungoja, au hukumsikiliza yule mzee?

Na Ijumaa fundi asije. Yeye mwenyewe hataki kuja. Nimesikia unamwongezea posho ili arudi baada ya swala. Mtu ametoka msikitini na kanzu, unamvutia kwenye karai la zege! Mwache ale wali kwake. Wewe ule kwako, na chakula kikiliwa daftari libaki kabatini. Siku nyingine saa kumi na moja jioni zana ziwekwe chini, hata kama limebaki tofali moja. Hasa likibaki tofali moja. Ni hilo moja linalokula magharibi na isha.

Wifi hajanituma. Nakuapia, hakuniambia kitu zaidi ya vumbi. Ila kabla hajanisindikiza stendi alinionyesha sufuria zake, zile alizoletewa siku ya harusi, bado ziko kwenye boksi kwa sababu kabati la jiko lilikuwa likamilike mwaka juzi. Alizifunua, akazifuta kwa ncha ya kitenge, akafunga boksi. Nikapanda hiace sina la kusema.

Jumamosi hii tunavuka kwenda Msangamkuu, mimi na wanangu, kivuko cha asubuhi. Nitapika wali wa nazi na pweza, ming'oko italetwa na jirani. Njoo na wifi na watoto wote, na kijana wangu aliyetoka jandoni nina tuzo lake ambalo sikulitoa siku ile kwa hasira. Fundi mwachie maji ya kumwagilia na funguo.

Wanangu wameniuliza kama mjomba atakuja na ile futi yake ya kuvuta, maana mara ya mwisho aliwapimia mpaka meza ya chakula. Nimewajibu hapana. Usinifanye mwongo.

Dada yako,
Mtwara