Wauzaji waandike kizazi cha prosesa, "Core i7" haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalozigusa familia nyingi zinazonunua kompyuta ndogo za mtumba na kuziunganisha na runinga ya sebuleni, ili ziwe mahali pamoja pa kuangalia filamu, kusikiliza muziki na kuhifadhi video za nyumbani. Wazo lenyewe naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni jinsi mashine hizi zinavyouzwa: madukani na katika matangazo ya mitandaoni mteja huandikiwa "Core i5" au "Core i7", RAM kiasi gani na diski kiasi gani, basi, ilhali taarifa inayoamua kama picha itakwenda vizuri au itakwamakwama haiandikwi kabisa.

Taarifa hiyo ni kizazi cha prosesa, yaani toleo la ule ubongo wa kompyuta ambao "Core i5" na "Core i7" ni majina ya ngazi zake tu. Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na kila kipindi kimekuwa na mfumo wake wa kubana. DVD hutumia MPEG-2. Video nyingi za kawaida hutumia H.264, iliyotoka mwaka 2003. Filamu za 4K, yaani za picha kali zaidi, kwa kiasi kikubwa zinatumia HEVC ya mwaka 2013. Na YouTube hutuma video zake za 4K kwa VP9 au AV1. Prosesa inaweza kuifungua video hiyo kwa sakiti maalumu iliyojengwa ndani yake kwa kazi hiyo tu, ambayo hutumia umeme kidogo na haipashi mashine joto, au, kama sakiti hiyo haipo, kwa kutumia nguvu zake zote, na hapo ndipo feni huanza kupiga kelele na picha kuruka. Kwa prosesa za Intel, HEVC ya kawaida ya biti 8 (biti hapa ni kipimo cha wingi wa rangi) ilipata sakiti yake katika kizazi cha 6, mwaka 2015. HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo inayobeba filamu za 4K zenye rangi za HDR, yaani za mwangaza na kina zaidi, ilikamilika katika kizazi cha 7, na AV1 ikaja katika kizazi cha 11.

Matokeo yake ni kwamba Core i3-7100T, prosesa ya wati 35 ambayo wauzaji wengi huiweka fungu la chini, hucheza filamu ya 4K bila taabu, wakati Core i7-4770 ya wati 84, iliyokuwa fahari ya wakati wake, haina sakiti ya HEVC hata kidogo. Mteja anayelipa zaidi kwa sababu ameona "i7" anaweza kwenda nyumbani na mashine isiyofaa kwa kazi aliyoikusudia, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Ameachwa tu bila kuambiwa. Kizazi husomwa kwa urahisi katika namba kamili ya prosesa: i5-6500T ni ya kizazi cha 6, i5-8500T ni ya 8, na kuanzia kizazi cha 10 tarakimu mbili za mwanzo ndizo hutazamwa, kama i5-10400. Herufi T mwishoni huonyesha prosesa iliyotengenezwa kutumia umeme mdogo, na kwa sebuleni hiyo ndiyo ya kuitafuta.

Hata hivyo nisingependa msomaji aelewe kwamba kila mtu anahitaji kizazi kipya. Upangaji mzuri unaanzia kwenye runinga iliyopo. Mwenye runinga ya inchi 32 isiyokuwa ya 4K hana sababu ya kugharimia uwezo ambao skrini yake haitauonyesha; kwake H.264 inatosha, na karibu kompyuta yoyote ya ofisini ya miaka kumi iliyopita itamfaa. Mwenye runinga ya 4K naye atazame tundu la HDMI la kompyuta, lile la kupeleka picha kwenye runinga. Mashine nyingi ndogo za ofisini zina HDMI 1.4, ambayo kwa 4K hubadilisha picha mara 30 tu kwa sekunde, kiasi kwamba filamu itapita lakini mpira utaonekana ukikatikakatika. HDMI 2.0 hufikisha mara 60. Mashine yenye DisplayPort 1.2, aina nyingine ya tundu la picha, inaweza kufika huko pia, mradi inunuliwe adapta yenye sakiti yake ya kubadili mawimbi. Zile adapta za bei ya chini kabisa hazifanyi hivyo.

Kuna mpangilio mmoja ambao mafundi wengi huuacha bila kuugusa. Filamu za sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na matangazo ya runinga ya kwetu hufuata 25 au 50, lakini kompyuta ikiunganishwa huanza yenyewe kwa 60. Picha 24 hazigawanyiki sawasawa ndani ya 60, hivyo kamera inapopita taratibu juu ya mandhari, picha hutikisika kidogo kidogo na mtazamaji huchoka macho bila kujua sababu. Kodi, programu ya bure ya kuchezea video na muziki, ina uwezo wa kubadili kasi ya skrini ifuate video inayochezwa, ila huja ikiwa imezimwa, na mtu lazima aingie kwenye mipangilio aiwashe.

Rimoti nayo ifikiriwe mapema. Kompyuta za kawaida haziwezi kupokea amri za rimoti ya runinga kupitia waya wa HDMI, kwa hiyo kinahitajika kipokezi kidogo cha USB chenye rimoti yake. Bila hicho, bibi na watoto watalazimika kumsubiri mwenye ujuzi kila wanapotaka kutazama, na kompyuta hiyo haitakuwa ya familia.

Kuhusu umeme, hesabu ni nyepesi. Mashine inayotumia wati 15 kwa saa 5 kila siku itakula uniti 2 na robo za Luku kwa mwezi, wakati kompyuta kubwa ya wati 80 kwa saa zilezile itakula uniti 12. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa isifungiwe ndani ya kabati la runinga. Iachiwe nafasi ya hewa, na vumbi lipulizwe mara kwa mara, kwa kuwa feni iliyojaa vumbi ndiyo chanzo kikubwa cha kelele. UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme kwa muda, ni ya lazima mahali umeme unapokatika ghafla, maana diski ikizimwa katikati ya kuandika inaweza kupoteza mafaili.

Na mafaili hayo, Mhariri, ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Katika droo za nyumba nyingi kuna DVD za harusi, za kitchen party, za maulidi na za misiba, zikichubuka mwaka baada ya mwaka, na vifaa vya kuzichezea vinatoweka. DVD moja ya kawaida hubeba GB 4.7, diski ya TB 4 inaweza kupokea zaidi ya 800 bila kupunguza ubora. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine ikiwezekana. Huduma za filamu za kulipia nyingi hupunguza ubora wa picha zinapofunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta, hivyo aliyenunua kwa ajili ya hizo peke yake pengine angefaidika zaidi na kifaa kidogo cha Android. Lakini kifaa hicho hakitazitunza kumbukumbu za familia.

Ninalisema hili sasa kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo nyingi kabla ya kizazi cha 8. Ofisi za Ulaya na kwingineko zinaachana na mashine nzima ambazo kwa sebuleni bado zina miaka mingi, hasa zikiwekewa mfumo wa bure wa LibreELEC unaoendesha Kodi peke yake. Sehemu ya mashine hizo huishia kwetu. Nawaomba wafanyabiashara wa Kariakoo na wa kwingineko waandike namba kamili ya prosesa na aina ya matundu ya picha kwenye kila kompyuta, na wamruhusu mteja achomeke flashi yake yenye video ya 4K na kuitazama ikicheza kabla hajalipa. Naliomba pia gazeti lako, katika kurasa zake za teknolojia, litumie namba hizo linapoandika habari za kompyuta na bei zake.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam