Wateja wananiuliza: "Mjomba wako amesaini?"

Kwako mshauri, pamoja na wasomaji wenzangu,

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Barua nyingi ninazozisoma hapa ni za ndoa na za mashamba. Yangu ni ya kazi, ila kila nikianza kuieleza nyumbani inageuka ya ukoo kabla sijafika katikati. Ndiyo maana nimeona niwaandikie watu wasionijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Mikindani, naishi Mtwara mjini. Natengeneza tovuti. Nina chumba cha ofisi Chikongola, vijana wawili ninaowalipa kila mwezi, na wateja 31: shule, zahanati, loji, mawakala wa forodha, wauza pembejeo wa Masasi na Newala, na vikundi viwili vya akina mama wanaobangua korosho. Nina TIN, nina leseni ya halmashauri, natoa risiti ya mashine. Taasisi zikinilipa hukata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, nami nabaki na karatasi yangu. Watu wanasema nimefanikiwa, na mimi nasema alhamdulillahi, maana kazi ipo. Shida yangu iko kwenye namna nilivyoianza.

Msimu wa 2017, korosho ilipopita Sh 4,000 kwa kilo mnadani, mjomba wangu alipopata malipo yake alinipigia simu niende Mikindani. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa. Akanipa bahasha, akasema, "Mwanangu, kanunue hiyo mashine yako. Mama yako usimwambie bei." Nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba, na kila nilichonacho leo kimetokana na bahasha ile. Sisi ni Wamakonde, ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba kwetu ana nafasi yake. Ndiye aliyesimama kwenye harusi yangu. Mama alipofanyiwa upasuaji hospitali ya Ligula, ndiye aliyekaa naye usiku na mchana mpaka akaruhusiwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti ya loji yake, ile aliyoijenga miaka ambayo habari za gesi zilimfanya kila mwenye kiwanja hapa aone wageni wanakuja. Niliitengeneza mwaka 2018. Bei haikutajwa na hakuna aliyeitarajia. Jina la tovuti nilisajili kwa barua pepe yangu, kwa sababu mjomba hana barua pepe, na nikalilipia mwenyewe. Mwaka huohuo serikali ilinunua korosho kwa Sh 3,300, malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, mji mzima ukawa unadaiana. Sikuwa na uso wa kumdai mtu. Basi na wateja waliofuata nikawafanyia vilevile: nasajili kwa jina langu, natoa hela yangu, halafu tutahesabiana.

Hiyo "tutahesabiana" ndiyo imenifikisha hapa.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Bango la barabarani ukishalisimamisha umemaliza. Tovuti haiko hivyo. Jina lake hukodiwa kwa mwaka, na seva, yaani kompyuta inakokaa, nayo hukodiwa. Jina lisipolipiwa, tovuti inapotea na barua pepe za ofisi haziingii. Ukiendelea kulala, mtu mwingine kabisa anaweza kulisajili likawa lake. Seva ninazokodi nje ya nchi, pamoja na majina ya .com, nalipia kwa dola. Bei ninazowatoza wateja nilizipanga mwaka 2022, dola ikiwa Sh 2,300 na ushee. Katikati ya 2024 ilikuwa imeshapita Sh 2,600, na kwa wateja wangu wengi bei ilibaki ile ya siku tuliyopeana mikono. Juu ya hapo kuna kusasisha programu. Hili mteja halioni hata kidogo mpaka siku mambo yameharibika.

Kwa mjomba yaliharibika mwaka jana. Alinipigia baada ya sala ya Isha, sauti imebadilika: "Mwanangu, mgeni wangu anasema loji yangu imeandikwa Kichina." Nikaandika jina la loji Google. Jina lilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na mistari na mistari ya maandishi ya Kijapani, matangazo ya saa na viatu. Kuna mtu alikuwa amepenya kupitia programu ndogo ya fomu ya kuweka nafasi, ambayo sikuwa nimeisasisha kwa miezi minane. Nilijua sababu. Nilikuwa nahudumia kwanza waliolipa.

Kazi ile ilinila usiku mbili. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nne, nikaendelea kwa betri ya kompyuta na bando la simu, nafungua faili moja baada ya nyingine natafuta mistari ambayo si yangu. Nikifuta, baada ya dakika chache maandishi yanarudi. Alfajiri ya siku ya pili ndipo nilipoliona faili lenyewe. Walikuwa wameliita jina linalofanana na la faili halali la WordPress, programu inayoendesha tovuti ile, limezidi herufi moja tu mwishoni, na macho yangu yalikuwa yamelipita labda mara ishirini. Nilipolifuta nilikaa nusu saa naitazama skrini nione kama yatarudi. Hayakurudi.

Kesho yake mjomba aliniletea pweza mkavu na nazi tano, akanishukuru mpaka nikaona haya. Nilizipokea kwa moyo mweupe kabisa. Lakini kwa mteja mwingine kazi ile ni Sh 250,000, na wiki ile sikuwa na mshahara kamili wa vijana.

Naomba msinielewe vibaya kuhusu wateja. Mei 2024, barabara ya Dar ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, na wiki iliyofuata nyaya za baharini zikakatika intaneti ikayumba nchi nzima, simu yangu haikupoa. Walinipigia mimi kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Naipenda sehemu hiyo ya kazi. Mwenye loji Mikindani akipigia kampuni ya Dar atapewa namba ya kusubiri. Akinipigia mimi, naijua hata rangi ya geti lake.

Mambo mawili ndiyo yalinifanya niseme basi.

La kwanza ni shule moja binafsi ya hapa. Alikuja meneja mpya, akataka kuhamia kwa mtengenezaji mwingine, akaniomba nywila na jina la tovuti. Walikuwa wanadaiwa Sh 380,000 za miaka miwili. Nikasema nilipwe kwanza. Akaniambia mbele ya wazazi waliokuja kuchukua fomu za kujiunga kwamba nimeteka jina la shule. Nilitoka pale natetemeka. Lakini usiku nilipotulia nilikubali kwamba kwa upande wa jina alikuwa na haki. Shule ni yao na jina ni lao, halikupaswa kukaa kwenye barua pepe yangu hata siku moja. Deni nalo ni deni, ila halilipwi kwa kushikilia mali ya mtu. Nilimpa kila kitu asubuhi yake. Hela sijapata mpaka leo.

La pili linaniuma zaidi. Mwezi Machi nililipia majina tisa ya wateja kwa mfululizo kwa sababu yote yalikuwa yanaisha, nikachelewesha mishahara siku kumi na mbili. Sikuwaeleza vijana sababu, niliwaambia tu wavumilie. Siku moja nikamwona mmoja wao anaingia ofisini saa mbili asubuhi, viatu vyekundu kwa vumbi mpaka kifundoni. Anakaa Naliendele. Nikamuuliza, akasema amependa kutembea kidogo. Mwenzake ndiye aliyeniambia baadaye kwamba alikuwa anatembea hivyo kwenda na kurudi kwa wiki nzima, nauli imekwisha.

Kijana wa watu alikuwa anatembea kilomita zote zile ili tovuti za wenye maduka na loji zisizimike.

Basi nikaandika mkataba. Ni kurasa mbili, Kiswahili kitupu. Jina linahamishwa, linasajiliwa kwa jina la mteja na barua pepe yake. Asiye nayo namfungulia na nywila anaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Kazi mpya, nusu inalipwa kabla sijagusa kompyuta. Utunzaji wa mwaka ni Sh 240,000: jina, seva, kusasisha, nakala ya akiba kila wiki, na simu zangu. Inalipwa Novemba au Desemba, fedha za minada zikiwa mtaani, kwa sababu kumdai mtu wa hapa mwezi wa tano ni kumdhalilisha bure. Na nimeweka kifungu cha taarifa za wageni na wanafunzi zinazoingia kupitia fomu, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, inabidi ijulikane nani anazitunza na kwa niaba ya nani.

Wateja 16 wamesaini, na wengi walisaini bila maneno. Mmoja wa Masasi aliniambia alikuwa anaona aibu kuniuliza ananidai au namdai. Wengine wanane bado wanajadiliana na wenzao, siwalaumu. Waliobaki ni saba, mbali na mjomba mwenyewe. Hawa wote saba wameletwa na mjomba. Ndiye aliyewashika mkono barazani kwake akawaambia, "Huyu ni mpwa wangu, mtu wa nyumbani, hatawasumbua." Na wote saba, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali moja: "Mjomba wako amesaini?"

Mjomba hajasaini kwa sababu sijamwambia.

Nimetafuta ushauri kwa watu wangu wa karibu. Mume wangu anasema nimlipie kimya kimya nihesabu ni gharama ya matangazo, kwani wateja saba si haba. Ni hoja nzuri, lakini haijibu swali wanaloniuliza. Nikisema amesaini, nimedanganya. Nikisema yeye ni ndugu, watasema na sisi tumekuja kwa udugu huohuo, na watakuwa wamesema kweli. Rafiki yangu wa Dar tunayefanya naye kazi hii anasema niache jina liishe siku mbili tatu, mzee akikosa wageni ataelewa. Hilo nililikataa palepale. Mzee ana miaka 68 na kuna watu wameshaweka nafasi kwake. Siwezi kumzimia taa aliyeniwashia. Mama ndiye mgumu kuliko wote. Kauli yake ni moja: "Mjomba hatozwi. Siku ukiwa na shughuli ya mwanao, nani atakaa mbele?"

Mimi mwenyewe mawazo yangu yako hivi. Nataka asaini kama wengine, hata kama malipo yake hayatakuwa fedha. Nina wateja wa Newala na Tandahimba wanaokuja mjini siku mbili kujifunza kutumia tovuti zao, na huwa wanalala popote. Ningeweza kuwalaza kwake, vyumba vyake vikahesabiwa kuwa ndiyo malipo ya utunzaji, na ikaandikwa hivyohivyo kwenye mkataba. Hapo nitaweza kumjibu yeyote kwamba ndiyo, amesaini, na analipa. Lakini naogopa karatasi yenyewe. Kwa mtu wa umri wake, mpwa kumletea mkataba ni kama kumwambia simwamini.

Halafu kuna daftari. Tangu 2018 nimekuwa naandika kila nilicholipa kwa ajili ya loji, tarehe na kiasi. Jumla imefika Sh 1,140,000. Sina nia ya kumdai hata shilingi ya nyuma, bahasha ya 2017 ilishalipa yote hayo. Ila najiuliza kama nimwonyeshe ili aone mzigo ulivyo, au nilifiche kabisa, kwa sababu akishaona namba ile atauza kitu anilipe, namjua.

Naomba mnisaidie, hasa wenye biashara na ndugu mji mmoja. Niende mwenyewe nikakae naye barazani, au nimtangulize mama mkubwa, ambaye ni dada yao na mjomba humsikiliza? Mkataba niubebe siku hiyohiyo au niende mikono mitupu kwanza? Na daftari nilifanyeje? Jina la loji linaisha tarehe 18 mwezi ujao, na nimeshatenga hela ya kulilipia kwa mara nyingine, ili nisiende kuzungumza naye huku nikiwa na haraka. Mshahara wa vijana ni tarehe 25.

Wasalaam,

Mpwa wa Mikindani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)