Malalamiko kuhusu waranti ya kompyuta isiyowaka

Kondele,
Kisumu.
17 Juni 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bibi,

KUH: KUNYIMWA WARANTI KWA AJILI YA STIKA MLIYONIAGIZA NIIKATE

Mwezi Aprili nilinunua kwenu kompyuta mbili za mezani za mitumba zilizotoka Uingereza, kila moja KSh 24,500, kwa waranti ya miezi sita. Moja inapiga kazi hadi leo hapa saibani, duka langu la kompyuta na intaneti. Ya pili, mwanzoni mwa mwezi huu, ilikataa kuwaka. Ukibonyeza kitufe hupati taa, feni wala mlio.

Nilipiga simu kwenu. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole, na sina budi kusema alianza vizuri. Aliniuliza kama soketi imewashwa. Sikukasirika, kwa maana hata mimi huwauliza wateja wangu swali hilo na mara nyingi ndilo jibu. Akataka niichomeke ukutani moja kwa moja bila ekstensheni, nijaribu waya mwingine, niangalie kiswichi cha nyuma kama kiko upande wa I. Waya niliutoa kwenye kompyuta ile nzima. Akaniambia nichomoe, nishikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili stima iliyobaki ndani iishe, kisha nijaribu tena. Wapi!

Hapo ndipo akanitumia ujumbe wa WhatsApp, ambao ninao hadi sasa: "Fungua kifuniko cha pembeni, toa kadi za RAM, zifute, uzirudishe." Nikamuuliza papo hapo, kwa maandishi, kuhusu stika yenu ya waranti iliyofunika skrubu. Akajibu: "Hiyo si shida, sisi ndio tumekuambia." Nikaikata. RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, ikiwa mbovu, kwa kawaida feni huzunguka na mashine hulia. Mashine isiyoonyesha hata dalili ya taa ni ya kutafutwa kwanza upande wa stima. Lakini yeye ndiye sauti ya kampuni, nami ni mteja, kwa hivyo nilifuata maagizo.

Nilipoileta tawini, ilikaa siku kadhaa kisha nikarudishiwa pamoja na fomu. Fomu hiyo ina sababu mbili za kuninyima waranti: "stika imekatwa" na "imepigwa na stima ya juu / radi". Sehemu ya vipimo haina hata neno moja. Sasa mwenzangu, aliyeijua radi hiyo bila kupima chochote aliiona wapi? Ni kweli mvua za ziwa huku kwetu huja na ngurumo, na hakuna mfanyabiashara wa Kisumu asiyelijua hilo. Ndiyo maana mashine zangu zote zimo kwenye ekstensheni moja yenye kinga. Radi yenu basi iliruka monita, ikaruka printa, ikaruka kompyuta pacha iliyo kando yake, ikachagua hiyo moja tu.

Kwa kuwa mlishasema waranti imekufa, nilimwita fundi. Alipima waya wa zambarau unaotoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine stima. Waya huo hutakiwa kuwa na volti 5 wakati wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kama haijawashwa. Mita ilisoma sufuri. Akaitoa pawa saplai kwenye ubaomama, ile bodi kuu ya mashine, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, njia ambayo mafundi huitumia kuilazimisha iwake ikiwa peke yake. Feni haikugeuka. Mwisho akafunga pawa saplai yake mwenyewe: taa ya ubaomama ikawaka, Windows ikafunguka, faili zote zikawepo. Kazi yote haikumaliza saa moja. Fundi wenu alikaa na mashine siku hizo zote akifanya nini?

Huu ni mwezi wa Juni. Mtu binafsi mwenye PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, aliyeandikishwa kwa kodi ya mapato anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi kufikia tarehe 30, na foleni ya saiba yangu inafika mlangoni. Nusu ya foleni hiyo sasa inavuka barabara kwa jirani. Hasara hiyo sikuiandikia bei kwenye barua hii, ila mnaweza kuikadiria wenyewe.

Ninachotaka ni pawa saplai nyingine inayofanya kazi, ifungwe na fundi wenu hapa saibani kwa gharama yenu, na stika mpya ibandikwe pamoja na barua fupi inayosema waranti ya mashine hiyo ingali hai hadi Oktoba. Kama hamwezi, nirudishieni KSh 24,500 mchukue mashine yenu. Punguzo la kununua nyingine, alilonitajia mhudumu wa kaunta, silitaki.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, iwe mpya au ya mitumba. Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14. Likikosekana, nitapeleka madai yangu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, na huko nitaanza na ule ujumbe wa WhatsApp.

Pawa saplai mbovu ninayo, haijafunguliwa. Fundi alikataa kuigusa ndani kwa kuwa hushika stima hata baada ya kuchomolewa. Mkija ipimeni wenyewe mbele yangu, na safari hii mjaze ile sehemu ya vipimo. Saiba hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Wako mwaminifu,

Mwenye saiba, Kondele

Viambatisho: nakala ya risiti, fomu ya tawi, picha za ujumbe wa WhatsApp.