Risala ya Mafundi wa Pedali za Gitaa, Kondele, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mzee wa mtaa, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa dini, wazazi, wanamuziki mliotoka mbali na mliotoka hapo kona tu, majirani, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutujalia siku isiyo na mvua, maana hema tulilokodi linavuja upande wa meza kuu. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kufika saa sita na nusu ilhali barua yetu ilisema saa tatu. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Tuliitumia nafasi hiyo kumaliza burudani zote isipokuwa moja, kwa hiyo hakuna kitakachotukatiza.

Historia yetu ni fupi. Kikundi kilianza mwaka 2017 kwa watu watatu, mpigaji gitaa mmoja na mafundi wawili wa redio. Pedali ya mpigaji ilizimika Ijumaa jioni na kesho yake alikuwa na harusi. Wale mafundi waliifungua wakitarajia kuona maajabu, wakakuta rezista, kapasita na transista zile zile wanazozigusa kila siku. Hapo ndipo tulipopata akili. Leo tuko wanachama 14, tuna cheti cha usajili, na tuna mweka hazina ambaye ni mama mboga, hivyo hesabu zetu hazina wasiwasi.

Kwa faida ya wageni ambao hawapigi gitaa: pedali ni kijisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga na sauti inabadilika. Inakwaruza, au inarudi kama mwangwi wa bondeni, au inayumba kama mtu aliyetoka kwa wenye busaa. Watu wengi hudhani ni teknolojia nzito. Saketi ya fazi, yaani pedali ya kukwaruza sauti, iliyouzwa Uingereza tangu mwaka 1966, ambayo wapigaji hadi leo wanaitafuta kwa bei ya ng'ombe, ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vidhibiti 2. Jumla vitu 11, Mheshimiwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuvihesabu, na wetu mmoja ameviunganisha.

Mafanikio ni mengi na tutayataja kwa haraka. Kikundi kimetengeneza pedali 46, zikiwemo 31 zinazofanya kazi. Tumefundisha vijana 9, ndio hawa utakaowapa vyeti. Tumehifadhi mazingira, kwa kuwa kila Jumapili tunapita soko la Kibuye tukinunua redio kuukuu na mashine za karaoke zilizokufa. Ndani ya nyingi ya hizo karaoke hukaa chipu iitwayo PT2399, ambayo kazi yake ni kuchelewesha sauti ili mwimbaji wa baa ajisikie anaimba kanisani. Sisi tunaing'oa, tunaipa volti 5 zake, tunaifunga ndani ya sanduku lililokunjwa na fundi wa bati, na inakuwa pedali ya mwangwi. Aidha, bidhaa zetu zimevuka mipaka ya nchi. Mpigaji mmoja huvuka nayo Busia kila mwisho wa mwezi kwenda kupiga upande wa Uganda, na mpaka sasa amekuwa akirudi nayo.

Vilevile tunarekebisha pedali za kutoka ng'ambo ziwasikie watu wa huku. Hapa naomba nisipite haraka, maana ndipo ufundi wetu ulipo. Pedali nyingi za kukwaruza zilichorewa muziki wa roki. Zinakata sauti ya chini na kusukuma mbele ile ya katikati. Gitaa la benga, muziki wetu wa Waluo, halitaki hivyo. Kila aliye hapa anajua vidole vya benga vilisomea kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi nane, na anayekumbuka jinsi mpigaji benga marehemu Daniel Owino Misiani, aliyetuacha mwaka 2006, alivyokuwa akizifanya nyuzi ziongee, anajua kwamba kila nyuzi inapaswa kusikika peke yake. Kwa hiyo tunafungua pedali ile ya kijani ambayo kila mtu anayo, tunatoa kapasita moja ya mikrofaradi 0.047, tunaweka ya 0.1, na sauti ya chini inarudi. Kapasita hiyo haizidi bei ya mandazi mawili. Mteja analipa zaidi ya mandazi mawili, lakini hayo ni mambo ya ndani ya kikundi.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye umeme.

Karakana yetu haina mita ya umeme. Umeme tunavuta kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, kwa waya wa mita 30 unaotoka dirishani kwake, unapita juu ya paa la choo na kuingia kwetu kupitia tundu tulilotoboa kwa msumari. Jirani huyu ni mtu mwema. Yuko hapa safu ya tatu, tunaomba asimame tumpungie mkono. Asante, baba, kaa. Lakini kazi yake na yetu haziwezi kulala kitanda kimoja. Akianza kuchomelea geti, balbu yetu inafifia na chuma cha kulehemia kinapoa mkononi. Risasi ya kulehemia iliyokuwa iking'aa inakuwa ya kijivu, ina chembechembe kama uji ulioganda. Kiungo cha namna hiyo ukikitazama unadhani kimeshika. Wiki mbili baadaye pedali inaanza kukohoa jukwaani, na lawama inakuja kwetu, haiendi kwenye geti. Zaidi ya hayo, saa kumi na moja jioni jirani anafunga, anazima swichi kuu na kwenda nyumbani kwake, kama ilivyo haki yake. Wanamuziki huamka saa hizo.

Hata hivyo, kufifia kwa balbu si jambo kubwa. Kubwa ni waya wa ardhi, ule mafundi wauitao ethi.

Mwaka jana tulitengeneza pedali ya fazi kwa mteja wa Nyalenda. Ilipiga vizuri, ila nyuma ya kila noti kulikuwa na mvumo, mmm, kama nyuki ndani ya debe. Tukabadilisha kapasita. Mvumo ukabaki. Tukabadilisha transista, tukafunga upya waya zote, tukalipa fundi wa bati akunje sanduku jipya. Wiki tatu zikaisha, na mteja akaanza kupiga simu kwa sauti ambayo haikuhitaji pedali. Siku moja umeme ukapotea mtaa mzima. Kijana mmoja, kwa kukosa la kufanya, akaweka betri ya volti 9 ndani ya pedali na nyingine kwenye kile kiamplifaya kidogo cha kujaribia. Kimya. Noti ikatoka safi kama maji ya mtungini. Pedali haikuwa na kosa lolote tangu siku ya kwanza. Tulikwenda tukafungua soketi ya ukutani tukakuta ule waya wa kijani na njano umekatwa na kukunjwa ndani kama mkia wa panya. Wala jirani hakuukata yeye; alipangisha chumba kikiwa hivyo.

Mheshimiwa, nadhani hata wewe umewahi kuchukua kalamu ukaidukiza kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ipate kuingia. Sote tumefanya. Tundu lile si la kalamu. Ndilo la ethi, njia ya umeme kukimbilia ardhini pale mashine inapoharibika, badala ya kukimbilia kwa mtu.

Na kwetu umekimbilia kwa mtu. Nyuzi za gitaa, kupitia kebo, zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na haina ethi, nyuzi nazo zinabeba umeme na mpigaji hana habari, mpaka aguse kitu kingine. Mwimbaji wetu, kijana wa Manyatta, mwezi Machi alikuwa akifanya mazoezi hapa ndani, vidole kwenye nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki iliyotoka kwenye mashine nyingine. Tuliona cheche. Alianguka chali na gitaa juu yake, na kwa muda ambao hakuna aliyeupima hakusema neno. Tunamshukuru Mungu yuko hapa. Mdomo ulipona kwa siku nane. Tangu siku hiyo anaimba maiki ikiwa imevikwa sponji na shingo ameivuta nyuma, na mashabiki wamedhani ni mtindo mpya. Tumeona kijana mwingine Kondele akiuiga.

Tumeulizwa kwa nini tusitumie betri. Tunazitumia. Pedali ya mwangwi inazila, na zile za bei nafuu za stendi zinaisha kabla bwana harusi hajakata keki. Isitoshe, betri haiwashi chuma cha kulehemia wala haizungushi drili, na amplifaya ya jukwaani haitaki hata kusikia habari zake.

Haya hatuyasemi kwa mara ya kwanza, na hapa tunaomba radhi mapema ikiwa tutateleza. Mgeni wetu wa heshima wa mwaka 2019 alisimama hapo ulipokaa, akasikiliza risala kama hii, akafuta jasho, akatamka kwamba mita itafungwa kabla ya Krismasi. Tulipiga makofi. Hakusema Krismasi ya mwaka gani, na kosa ni letu hatukuuliza. Mapema mwaka uliofuata walikuja vijana wawili na futi kamba, wakapima ukuta, wakachora alama ya chaki mahali mita itakapokaa, wakapiga picha na mwenyekiti. Alama hiyo bado ipo. Tumepaka rangi ukuta mara mbili tukiizunguka.

Mgeni wa mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, alituletea viti 50 vya plastiki vyenye picha yake mgongoni. Tunashukuru sana, ndivyo mlivyovikalia. Viti havikuwemo kwenye risala ya mwaka ule. Katibu ameisoma tena kuhakikisha. Tulipompigia kuulizia umeme tuliambiwa yuko mkutanoni, na mkutano huo, kwa taarifa tulizo nazo, haujafungwa.

Hatumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Nashville, Marekani, chaneli moja ya mikseri iliharibika studioni katikati ya kurekodi, gitaa likatoa sauti ya kukwaruza, na fundi mitambo Glenn Snoddy badala ya kuitupa akaitafutia saketi yake; mwaka 1962 Gibson wakaanza kuiuza kama pedali ya kukanyagwa. Wenzetu walipoharibikiwa walipata bidhaa. Sisi tunaharibikiwa na tunapata risala, na hii ni ya tatu.

Ombi letu ni moja. Tunaomba mita ya kikundi, kwa jina la kikundi, pamoja na kufungwa upya waya za chumba chote kwa ethi ya kweli: fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya mlango, isiwe waya uliofungwa kwenye bomba. Nguzo iko mita 20 kutoka hapa. Ukigeuka kidogo kushoto unaiona, ile yenye bango la mganga. Hatuhitaji nguzo mpya wala transfoma. Hatuombi jengo. Viti vinatosha.

Makisio ya fundi mwenye leseni ni shilingi 79,500. Kikundi kimeshachanga 22,000, ziko benki na kitabu kiko mkononi mwa mweka hazina, ambaye yuko tayari kukionyesha lakini si kukiachia. Zimebaki 57,500. Tumeambatisha makisio hayo, barua ya mwenye ploti ya kuturuhusu, nakala ya cheti cha usajili na za vitambulisho vya viongozi watatu. Vyote viko kwenye bahasha ya kaki mbele yako. Nakala ya bahasha hiyo anayo pia msaidizi wako, kwa kuwa ile ya 2019 tuliambiwa ilisahaulika ndani ya gari.

Kabla hujatuhutubia, Mheshimiwa, tumebakiza ile burudani moja. Wahitimu wawili watapiga kwa pedali waliyoiunda wenyewe, kwa betri, kwa sababu ni Jumamosi na jirani yetu alishazima ili ahudhurie. Tunakadiria betri hiyo ina dakika kumi. Baada ya hapo maikrofoni ni yako. Hiyo nayo ni ya betri, na tumeivika sponji.

Katibu amekaa mkono wako wa kulia na daftari la kumbukumbu. Ameshaandika "Mgeni wa heshima aliahidi kwamba mita itafungwa tarehe", na kuacha nafasi. Tunaomba utakapotamka utamke polepole, ili apate kuandika na siku, mwezi na mwaka.

Asante na karibu sana.

Imesomwa na katibu msaidizi, kwa niaba ya wanachama wote.